Nani Mkali Zaidi: Apollo, Rocky, Drago au Adonis?

  

Mwezi huu tunaleta mada ambayo vijana wametudai kwa muda mrefu. Tangu kibanda cha video kianze kuonyesha zile filamu za ngumi, Rocky mpaka Creed, moja kila Jumamosi, kambi nzima haina amani. Ukienda bombani kuchota maji ni Drago. Ukipanga foleni ya mgao ni Rocky. Darasani tuliuliza mji mkuu wa Urusi, mtoto akasimama na kujibu, "Moscow, mwalimu, pale Rocky alipompigia Drago!" Jibu ni sahihi, tukampa alama yake. Lakini wiki iliyofuata wavulana wawili wa darasa hilohilo wakashikana mashati, mmoja akisema Clubber Lang angempiga Drago, mwingine akisema thubutu. Ndipo tukaona bora jambo hili tulimalize kwa kalamu kabla halijamalizwa kwa mawe.

Kwa kuwa sisi ni walimu, tutawapima mabondia hawa kama tunavyosahihisha mtihani. Masomo ni manne, kila moja lina alama 10: Nguvu, Ufundi, Moyo, na Kona. Tatu za kwanza kila mtu anazijua. Kona ni wale watu wanaokaa nyuma ya bondia: kocha, mke, mzazi, rafiki, yule anayempa maji na kumwambia ukweli. Mtatuuliza kwa nini tumeiweka Kona. Subirini, mtaona.

KWANZA, ASILI YAKE NI KINSHASA

Msicheke. Wazee wetu kutoka Kongo wanakumbuka tarehe 30 Oktoba 1974, nchi ikiitwa Zaire, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman katika raundi ya 8 mjini Kinshasa. Pambano lilianza karibu saa kumi alfajiri ili Wamarekani walione jioni kwao. Siku hiyo Ali alirudisha ubingwa wa dunia.

Mtu wa kwanza kupigana na Ali baada ya Kinshasa aliitwa Chuck Wepner, bondia asiye na jina kubwa, aliyekuwa akiuza pombe ili apate riziki. Walipigana tarehe 24 Machi 1975 huko Ohio, Marekani. Kila mtu alidhani Wepner hatamaliza raundi tatu. Kumbe katika raundi ya 9 Ali alikwenda chini, na Wepner alisimama mpaka raundi ya 15, refa akasimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde 19 tu.

Mwigizaji mmoja kijana, maskini, Sylvester Stallone, alilitazama pambano hilo. Akakaa chini akaandika hadithi yake kwa siku chache. Wenye studio walitaka kuinunua wampe mwigizaji maarufu, yeye akakataa: bila mimi kucheza, siuzi. Filamu ikatoka mwaka 1976, ikapata Oscar ya filamu bora ya mwaka. Kwa hiyo Ali wa Kinshasa ndiye tunayemwona ndani ya Apollo Creed, na yule muuza pombe tunamwona ndani ya Rocky. Watoto wa Kongo, mkibishana msisahau hilo.

SASA MTIHANI UANZE

Apollo Creed. Huyu ndiye fundi. Miguu myepesi, mdomo mrefu, ngumi ya kushoto inaingia na kutoka kama sindano ya cherehani. Katika filamu ya kwanza alimshinda Rocky kwa pointi, majaji wawili kwa mmoja. Tatizo lake ni masikio. Kocha wake aliona kwenye televisheni Rocky anavyopiga mapande ya nyama kwenye bucha, akamwita Apollo aje atazame, Apollo akaendelea na mambo ya biashara. Mwaka 1985, katika filamu ya nne, akaingia ulingoni na Drago kwa maonyesho, akicheza na kuvaa bendera, na akafia palepale. Nguvu 8, Ufundi 10, Moyo 8, Kona 5. Jumla 31.

Rocky Balboa. Tuseme ukweli, ufundi hana. Anazuia ngumi kwa uso. Lakini moyo wake haujapata kuonekana. Pale kibandani watu wamezoea kwamba steringi hapigwi, na hapa steringi anapigwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Filamu ya kwanza alishindwa. Ile ya mwaka 2006, akiwa mzee na mjane, alishindwa tena. Watu wakampigia makofi mara zote mbili. Katika filamu ya pili, ya mwaka 1979, yeye na Apollo walianguka wote raundi ya 15, Rocky akasimama kabla refa hajafika kumi, basi. Yule kuku aliyeambiwa amkimbize ni katika filamu hiyohiyo, na tunawaomba watoto waache kuwakimbiza kuku wa mama zetu kwa jina la mazoezi.

Kuna jambo lingine katika filamu ya pili ambalo wengi hamkuliona kwa sababu mtafsiri alikuwa anapiga kelele. Rocky alipewa kazi ya kutangaza manukato kwenye televisheni, akashindwa kwa sababu kusoma kunampa shida. Wakamdharau mbele ya watu. Baadaye mke wake Adrian alipokuwa hospitalini hajitambui baada ya kujifungua, Rocky alikaa kando ya kitanda akimsomea kitabu kwa sauti, pole pole. Bingwa wa dunia anajifunza kusoma ukubwani, wala haoni aibu. Akina mama na akina baba mnaoogopa kuja darasa la jioni, mmesikia? Nguvu 8, Ufundi 5, Moyo 10, Kona 9. Jumla 32.

Clubber Lang. Filamu ya tatu, mwaka 1982. Kijana mwenye njaa na hasira. Rocky alikuwa amezoea raha, na kocha wake Mickey alikuwa akimchagulia wapinzani wepesi bila yeye kujua. Clubber akamwangusha raundi ya 2. Lakini tazameni anavyofanya mazoezi: peke yake, chumbani, hana wa kumwambia pumzika wala wa kumwambia unakosea hapa. Waliporudiana Rocky akampigisha mbio, akamchosha, akamwangusha raundi ya 3. Na aliyemfundisha Rocky mbinu hiyo ni Apollo, adui wake wa zamani. Nguvu 9, Ufundi 5, Moyo 8, Kona 2. Jumla 24.

Ivan Drago. Vijana wetu wanamwita Mashine. Katika filamu wanapima ngumi yake kwa kompyuta, inapita ya bondia wa kawaida zaidi ya mara mbili. Nguvu hatuwezi kumnyima. Lakini hao madaktari na wakubwa waliomzunguka walimtaka kama tunavyotaka jenereta: iwake tu. Alipoanza kushindwa, mkubwa mmoja akaja kumkaripia kwenye kona katikati ya pambano. Raundi ya 15 akaanguka. Nguvu 10, Ufundi 7, Moyo 6, Kona 3. Jumla 26.

Hapa tuwaambie wanafunzi siri moja. Aliyecheza Drago, Msweden Dolph Lundgren, amesoma uhandisi wa kemia mpaka shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Sydney. Kwa hiyo ukitaka kufanana na Drago, anza na jedwali la elementi.

Tommy Gunn. Filamu ya tano, mwaka 1990. Rocky ameumia ubongo, amefilisika, anamchukua kijana huyu amfundishe. Akampa muda wote mpaka akamsahau mtoto wake mwenyewe nyumbani, mtoto akaanza kuharibika. Tommy naye akamwacha alipoona pesa kwingine. Nguvu 8, Ufundi 6, Moyo 3, Kona 2. Jumla 19. Wazazi wanaojua kazi za watu wote kambini na hawajui daftari la mtoto wao lina nini, filamu hii ni yenu.

Mason Dixon. Bingwa wa filamu ya mwaka 2006. Watu wanamzomea kwa sababu wanasema hajakutana na mtu. Alipokutana na Rocky mzee akavunjika mkono mapema, akaendelea na mmoja, akashinda kwa pointi. Nguvu 7, Ufundi 8, Moyo 6, Kona 5. Jumla 26.

Adonis Creed. Mtoto wa Apollo, aliyezaliwa nje ya ndoa baada ya baba kufa. Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2015. Amelelewa mikononi mwa watu, akapelekwa jela ya watoto kwa kupiga wenzake. Ana ufundi wa baba yake na ukaidi wa Rocky. Katika filamu hiyo alishindwa kwa pointi na Mwingereza Ricky Conlan katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Wapenzi wa ngumi, sikieni hii: aliyecheza Conlan ni bondia wa kweli, Tony Bellew, na mwaka 2016, katika uwanja huohuo, alimpiga Mkongomani Ilunga Makabu na kuchukua ubingwa wa kweli wa WBC. Makabu hakukata tamaa. Mwaka 2020 aliuchukua mkanda huo mjini Kinshasa, akakaa nao mpaka 2023. Turudi kwa Adonis: Nguvu 7, Ufundi 9, Moyo 9, Kona 9. Jumla 34.

Viktor Drago. Mtoto wa Ivan, filamu ya mwaka 2018. Baba alipopigwa na Rocky, nchi yake ilimtupa, mke akamkimbia, akaishia Ukraine akiishi maisha ya chini na mtoto wake. Akamlea kijana kwa kitu kimoja tu: siku moja utanirudishia heshima yangu. Viktor ana ngumi za baba, na huzuni yake mwenyewe. Nguvu 10, Ufundi 6, Moyo 8, Kona 5. Jumla 29.

Damian Anderson. Filamu ya mwaka 2023. Huyu alikuwa kaka na rafiki wa Adonis utotoni, na kwa kipaji alimzidi. Usiku mmoja Adonis alianza ugomvi, polisi wakaja, Adonis akakimbia, Damian akakamatwa. Miaka 18 gerezani. Akatoka umri wa bondia ukiwa umekwisha, anamkuta mdogo wake ana nyumba, mke, mtoto na mikanda. Nguvu 9, Ufundi 7, Moyo 8, Kona 1. Jumla 25.

MATOKEO

Kwa jumla ya alama, wa kwanza ni Adonis (34), wa pili Rocky (32), wa tatu Apollo (31). Mashabiki wa Drago msitupige, karatasi zenu tunazo.

Na ule ugomvi wa Clubber na Drago? Kwa hesabu zetu Drago anampiga Clubber. Clubber anategemea kumtisha mtu na kummaliza mapema, akishindwa kufanya hivyo pumzi inakwisha, na Drago hatishiki. Haya, shikaneni mikono.

Sasa fanyeni hesabu nyingine. Futeni somo la Kona, muhesabu matatu tu. Apollo anapata 26 na anakuwa wa kwanza. Adonis 25. Viktor na Damian 24 kila mmoja. Rocky 23, sawa na Drago baba. Mmeona? Bila Kona, bondia bora kuliko wote ni Apollo, na ndiye pekee kati ya hawa aliyekufa ulingoni. Damian anakuwa wa tatu. Ukirudisha Kona, Damian anashuka mpaka nafasi ya saba. Hajapungukiwa nguvu wala moyo. Amepungukiwa watu.

TAULO MBILI

Katika ngumi, mtu wa kona akiona bondia wake anaumia kupita kiasi, anatupa taulo ulingoni na pambano linakwisha. Katika filamu hizi zote kuna taulo mbili za kukumbuka.

Ya kwanza ni ya mwaka 1985. Apollo anapigwa na Drago, amelegea, damu zinatoka. Rocky ameshika taulo. Apollo amemkataza: usisimamishe, hata iwe nini. Rocky akasita, akiheshimu neno la rafiki. Apollo akafa. Rocky ameishi na taulo lile mkononi filamu zote zilizofuata.

Ya pili ni ya mwaka 2018, Moscow. Viktor amechoka, anapigwa, na hataki kuanguka. Mama yake, aliyerudi siku alipokuwa anashinda, anainuka kwenye kiti na kuondoka. Kijana anatazama kile kiti kitupu. Ivan Drago, mtu aliyengoja heshima yake miaka zaidi ya thelathini, anamwangalia mwanawe, na katika raundi ya 10 anatupa taulo. Anapanda ulingoni, anamkumbatia. Mwishoni mwa filamu tunawaona baba na mtoto wanakimbia mazoezi pamoja, bega kwa bega.

Pale kibandani vijana walizomea taulo hilo. Tuliwasikia. Walisema Ivan ni mwoga. Sisi tunasema siku ile Mashine ilikuwa baba. Ile alama 5 ya Kona tuliyompa Viktor, yote ametafutiwa na baba yake kwa tendo hilo moja.

Na hatusemi haya kwa ajili ya filamu tu. Wengi mnajua kwamba Jumapili mchana, nyuma ya uwanja wa mpira, wavulana wamekuwa wakipigana ngumi. Wanafunga vitambaa mikononi, wanachora duara, wanawekeana dau la sabuni na unga. Mwezi uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la sita alipigwa kichwani mara tatu, akaanguka, akainuka. Kaka yake alikuwa pale, anapiga kelele "Inuka! Wewe ni Rocky!" Mtoto akaendelea. Usiku akaanza kutapika. Nyumbani wakadhani malaria, wakampa dawa waliyokuwa nayo, wakamlaza. Asubuhi alikuwa haitiki vizuri. Walipomfikisha zahanati ndipo kaka yake akalia na kusema ukweli. Mungu amesaidia, mtoto amepona, amerudi darasani, ingawa bado anasema jua likiwa kali kichwa kinamuuma.

Kaka yule anampenda mdogo wake, hakuna anayebisha. Alikuwa kona yake, na hakuna aliyekuwa amemfundisha kwamba kona inaruhusiwa kusema basi.

Hata ngumi za kweli zimejifunza hivyo kwa uchungu. Zamani pambano la ubingwa wa dunia lilikuwa raundi 15. Mwezi Novemba 1982 bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alipigana na Ray Mancini huko Las Vegas, akaanguka raundi ya 14, akafa siku chache baadaye. WBC ikapunguza raundi kuwa 12, na mashirika mengine yakafuata moja baada ya jingine. Watu wazima wenye glavu, madaktari na refa bado waliona 15 ni nyingi. Sisi wa vitambaa tunajidai nini?

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Moja. Wanaopenda ngumi wafanye mazoezi: kamba, kukimbia, kupiga mfuko wa mchanga, kupiga hewa. Kupigana kichwani bila glavu na bila mtu mzima anayejua, hapana.

Mbili. Mtoto akipigwa au akianguka kwa kichwa, mwangalieni siku hiyo na siku zinazofuata. Akitapika, akiumwa kichwa kinachozidi, akisinzia kupita kawaida, akichanganya maneno, akishikwa na degedege, au akitokwa damu au maji puani na masikioni, msingoje asubuhi. Mpelekeni zahanati, na mwambieni mganga ukweli kwamba alipigwa. Mganga hawezi kutibu asichoambiwa.

Tatu. Asirudi kucheza mpira wala kupigana kichwa kikiwa bado kinauma, hata akisema amepona. Apollo naye alisema hivyohivyo.

Nne. Anayesimamisha ugomvi asiitwe mwoga. Hilo ni somo la nyumbani, shuleni peke yetu hatuliwezi.

KONA ZETU

Tumalizie na wale waliotupwa na wale waliookotwa.

Adonis na Damian waliishi nyumba moja ya watoto wasio na wazazi. Walikula sahani moja. Tofauti yao ni kwamba siku moja mwanamke mmoja, Mary Anne, mjane wa Apollo, alikwenda kule jela ya watoto kumtafuta Adonis. Hakumzaa. Alikuwa mtoto wa mume wake na mwanamke mwingine, ushahidi wa usaliti unaotembea kwa miguu miwili. Angeweza kukaa kimya na hakuna ambaye angemlaumu. Alimchukua, akamlea, akamsomesha. Damian hakuna aliyekwenda kumtafuta.

Tunaandika hivi tukijua tunaandikia nani. Katika blok zetu kuna akina mama wanaolea watoto waliowakuta njiani wakilia, watoto wa jirani aliyebaki nyuma, watoto wa dada ambaye habari zake hazijulikani. Kadi ya mgao ina majina yasiyofanana na chungu ni kimoja. Wengine mmekuja shuleni kuandikisha mtoto na mkaulizwa jina la baba yake, mkainama. Akina mama hao, na akina bibi, na akina kaka wa miaka kumi na sita walio wazazi kabla ya wakati, hawajawahi kupigiwa makofi kibandani. Mary Anne hakupiga ngumi hata moja ndani ya filamu hizi zote. Alama 9 za Kona ya Adonis, nyingi ni zake, nyingine ni za mke wake Bianca na za Rocky mzee, aliyekataa matibabu ya saratani mpaka kijana alipomwambia, wewe pigana na mimi nitapigana. Kona nzuri inakwenda pande zote mbili.

Na Damian? Sisi tulioingia kambini tukiwa watoto na sasa tunashika chaki, tunamwelewa Damian vizuri sana. Tunajua kungoja kunavyofanya. Unamaliza kidato, vyeti unavyo, unangoja. Mwenzako jina lake linatoka kwenye ubao, anapanda basi, baadaye anatuma picha akiwa na koti la baridi. Unafurahi kwa ajili yake, na usiku hulali. Damian aliruhusu kile kisichomlaza usingizi kimfundishe kazi: akapanga Viktor aumizwe ili apate nafasi yake, akacheza rafu ulingoni, akachukua mkanda kwa njia ya giza. Hatumsifu. Lakini baada ya pambano la mwisho, akiwa ameshindwa, Adonis alimfuata kule ndani, wakakaa wawili tu, wakaambiana yaliyokuwa moyoni tangu utoto, na kila mmoja akamwondolea mwenzake lawama. Hakuna mkanda uliokuwa kati yao. Walikuwa kaka wawili wamechelewa kuongea kwa miaka 18.

Ninyi mliofika huko mbali na mnaosomewa gazeti hili kwa simu, pigieni wale mliowaacha. Hata kama huna pesa ya kutuma, piga. Na ninyi mlio hapa na mmemnunia mtu kwa sababu jina lake lilitangulia, yeye hakuliandika ubao ule.

Basi, mkali zaidi kwa alama zetu ni Adonis Creed. Anayebisha aandike sababu zake kwenye karatasi, kwa mwandiko unaosomeka, alete ofisi ya walimu kabla ya mwisho wa mwezi. Barua tatu bora tutazitoa hapa. Matusi hatutayatoa, na makosa ya tahajia tutayasahihisha kwa kalamu nyekundu kama kawaida.

Mwezi ujao tutazungumza namna ya kumsaidia mtoto kusoma nyumbani hata kama wewe mwenyewe hukusoma. Mpaka hapo, kaeni salama, na kila mmoja ajue yuko kwenye kona ya nani.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.